Makombe ya marehemu bibi: mapambo, fedha au uganga?

"Shikamoo Mwalimu. Bibi yetu mzaa mama alifariki Pangani mwaka jana, na juzi tulipofungua kasha lake tulikuta makombe ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona. Kuna moja kubwa, la duara kama yai, lina madoa meusi na limefunikwa na unga mweupe. Kuna kauri saba zilizokatwa migongo na kutungwa kwenye uzi mweusi. Kuna ganda bapa linalong'aa kwa ndani, nalo lina ukoko mweupe mkavu. Halafu kuna mfuko wa kitambaa wenye kauri ndogo 61, zote nzima, hazina tundu. Wifi yangu anasema unga ule ni dawa ya waganga na tukavitupe vyote baharini kabla havijatudhuru. Kaka yangu anayeishi Uingereza anataka kuondoka na lile kubwa. Mwanangu wa mwisho kaliweka sikioni, anasema anaisikia bahari ya Pangani huku Arusha. Na binti yangu wa kidato cha nne amefundishwa kwamba kombe katika ushairi ni ishara ya ukiwa, sasa ananiuliza kama bibi alikuwa mpweke. Yeye mwenyewe aliokota ufukweni koni moja yenye michoro kama wavu, bado inanuka. Mwalimu, makombe maana yake nini hasa, na tuyafanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Kufungua kasha la marehemu ni kazi nzito hata likiwa na kanga tupu, sembuse likitoka na vitu ambavyo mwenyewe hakuwahi kuwaonyesha. Nimesoma barua yako mara tatu. Maswali ni mengi ila naona wasiwasi wako ni mmoja: unahofia kwamba vitu hivi vina maana fulani iliyofichika, na kwamba usipoijua utakosea, ama kwa kuvitupa ama kwa kuviweka.

Wengi huniuliza hivyo, kana kwamba mahali fulani kuna orodha: kauri ni utajiri, chaza ni subira, koni ni hatari. Orodha za namna hiyo zipo, lakini mimi siziamini. Kombe ni nyumba aliyojijengea mnyama asiye na mfupa. Akifa, nyumba inabaki na bahari inaitoa nje. Mpaka hapo haina maana yoyote. Maana huanza pale mkono wa mtu unapoiokota na kuifanyia jambo: kuitoboa, kuikata, kuisugua, kuihesabu, kuitia kitu ndani. Ndiyo sababu sianzi kwa kuuliza kauri ina maana gani. Nauliza hii kauri imefanywa nini. Na makombe ya bibi yako, kwa jinsi ulivyoyaeleza, yamefanyiwa mengi.

Lakini kwanza isikilize lugha yetu yenyewe, maana imejaa makombe na hatuyasikii. Kombe ni ganda la pwani. Wazee waliita kombe pia sinia kubwa la chakula, na lile fupa bapa la bega ni kombe la bega. Aya zikiandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa, nacho hicho ni kombe. Kikombe cha chai ni kombe dogo tu, neno limejengwa hivyo. Na timu zinapogombea Kombe la Dunia zinagombea, kwa neno lile lile, chombo cha umbo la ganda. Kauri nayo ni konokono wa pwani na ni udongo wa sahani za Kichina. Waitaliano walifika hapo hapo kwa njia yao, kwani jina walilozipa sahani hizo, porcellana, lilikuwa kwanza jina la kauri. Watu wawili wasiojuana walitazama mng'ao ule ule wakafikiri jambo lile lile.

Mng'ao wenyewe una sababu. Mnyama wa kombe ana utando wa nyama unaochuja chokaa kutoka maji ya bahari na kuipaka kwenye ukingo wa ganda, tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana konokono wengi wana mikunjo inayoonyesha wamekua kutoka wapi. Kauri amezidi wenzake kwa jambo moja. Utando wake hutoka nje pande zote mbili, ukapanda na kufunika mgongo mzima anapotembea. Ganda lake linapakwa na kulindwa maisha yake yote, halipati nafasi ya kuchakaa. Wauzaji wa ufukweni huulizwa na wageni wamelipaka vanishi gani. Hawajapaka kitu.

Sasa tuliangalie hilo kubwa lenye madoa. Jina lake ni dondo. Lina kazi inayojulikana sana pwani: washonaji walilitumia kulaza mishono. Mama yangu alikuwa mshona kofia, na dondo lake lilikaa kando yake siku zote. Akimaliza mshono alilishika kama mtu anavyoshika sabuni, akasugua mara mbili tatu, na mshono ukalala kana kwamba umepigwa pasi, bila mkaa na bila hatari ya kuunguza uzi. Kwa hiyo fanya hivi. Lioshe kwa maji baridi, likauke, kisha lipapase kwa kidole. Dondo ambalo halijafanya kazi linang'aa sawasawa kotekote. Dondo la fundi lina sehemu moja ya mgongo iliyofifia madoa, laini kwa namna nyingine, kama ngazi ya nyumba ya zamani. Ukiipata sehemu hiyo, umepata pale kiganja cha bibi yako kilipofanya kazi kwa miaka.

Na ule unga? Wifi yako ameona kitu cha kweli, amekosea jina tu. Ganda la konokono ni chokaa, na chokaa haipatani na tindikali. Mbao nyingi hutoa mvuke wenye tindikali kidogo, wa jamaa moja na siki. Kasha likifungwa miaka, tena kwenye unyevunyevu wa Pangani, mvuke unakosa pa kwenda. Unakula uso wa ganda na kuacha chumvi nyeupe kama unga. Makumbusho duniani yamelijua tatizo hili tangu karne ya 19. Mwingereza mmoja, Byne, aliliandikia mwaka 1899 na hadi leo linaitwa kwa jina lake, ingawa yeye alidhani ni ugonjwa unaoambukiza. Ukiuonja kwa ncha ya ulimi utasikia uchachu wa mbali (mimi nimeuonja, nyinyi msiuonje, mnaweza kuniamini). Maji baridi yatauondoa. Baada ya hapo usiyarudishe makombe kwenye kasha, yaweke katika kikapu au sahani ya udongo, mahali pakavu penye hewa. Wala usithubutu kuyasafisha kwa ndimu au siki kama watu wanavyoelekezana. Utayaona yanatoa mapovu, na mapovu hayo ndiyo kombe lenyewe linaloondoka.

Nikiseme pia ambacho wengine wangekuficha: wifi yako hakutunga kuhusu waganga. Tunguri nyingi za waganga zimezungushiwa kauri. Wapo wanaozirusha na kusoma zilivyoanguka, nyingine kifudifudi, nyingine chali. Magharibi mwa Afrika, kwa Wayoruba, kuna elimu nzima ya kusoma kauri 16 zilizorushwa, yenye beti zake na wanafunzi wake. Tundu la kauri, refu na lenye meno, watu wa mataifa mengi wameliona kama jicho, na wengine wameliona kama mlango tuliozaliwa nao. Ikiwa ni jicho, basi linaweza kulitazama jicho baya likalishinda. Ikiwa ni mlango wa uzazi, basi ni la bibi harusi na mzazi. Ndivyo fikra ilivyokwenda. Lakini kauri hizo hizo zimeshonwa kwenye mikanda, kwenye ngozi za kubebea watoto, kwenye njuga za wacheza ngoma na kwenye mikoba ambayo leo inauzwa kwa watalii. Kauri kuwemo kwenye tunguri hakuifanyi kila kauri kuwa tunguri, kama ambavyo kisu cha jikoni hakiwi silaha kwa sababu kuna mtu aliyechomwa kisu.

Kwa zile saba za uzi mweusi, angalia mambo mawili. Migongo imekatwa ili zilale bapa, zishonwe au zitungwe zisibingirike. Hiyo ni kazi ya urembo na ya kinga kwa pamoja, haisemi lolote peke yake. Kinachosema ni uzi. Ukiwa umefungwa kwa fundo, pima mzunguko wake. Unaingia mkono wa mtu mzima, au unaishia kwenye kifundo cha mtoto mchanga? Kwa jinsi ninavyojua pwani yetu, uzi mweusi na kauri chache ni kitu cha mtoto, cha kumkinga na kijicho. Kama ni hivyo, basi mmoja wa watoto wa bibi yako aliwahi kukivaa. Huenda ni mama yako.

Hapa dini inaingia na siwezi kulikwepa hilo. Kwa Waislamu yapo mapokezi yanayokemea waziwazi kujitundika hirizi na kauri kwa kutaraji zitakulinda. Makanisa mengi nayo yana msimamo kama huo. Makemeo hayo yanahusu kuvaa kwa kutegemea. Kukiweka kidani cha mtoto kama kumbukumbu, bila kukitegemea, ni jambo jingine, lakini mimi ni mwalimu wa fasihi, si shehe. Kama mtu nyumbani halali kwa sababu ya kasha hili, msibishane naye. Mwiteni shehe au mchungaji mnayemwamini, aje avione vitu kwa macho yake. Nawasihi tu jambo moja: msimwite mtu atakayetaka fedha ili "avisafishe."

Umeuliza kuhusu fedha pia, japo hukuitaja, kwa sababu kila anayeona kauri nyingi huwaza mali. Zilikuwa fedha kweli. Zinalingana ukubwa, hazichakai, hazivunjiki ovyo, haziwezi kughushiwa, na hata asiyejua kusoma anazihesabu. Nyingi zilitoka visiwa vya Maldivi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliishi Maldivi miaka kumi na kitu baadaye na akaeleza jinsi watu walivyozivua na kuziuza. Meli za Ulaya zilizibeba hadi Afrika Magharibi, na huko zilinunua watu. Hilo lisemwe kila tunapozisifu kwa uzuri.

Sehemu ya Zanzibar katika hadithi hii haifundishwi sana. Kauri wetu wa pwani si yule wa Maldivi hasa. Wetu ana pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, na ni mkubwa kidogo. Miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri wa pete ananunuliwa Zanzibar kwa bei ya kutupwa na kuuzwa Afrika Magharibi kama fedha. Fikiria mtu amekuta mti unaozaa noti. Wakapakia shehena kwa shehena, zikaenda kulipia mawese. Kilichofuata kila mama wa sokoni anaweza kukisema: kauri zikajaa, bei zikapanda, mzigo wa kauri uliokuwa mali ukawa mzigo tu. Akiba za watu zilioza bila kuoza. Upande wa bara zilipanda hadi Buganda, na mpaka leo neno la Kiganda la fedha ni ensimbi, ndugu wa simbi yetu. Sarafu ya Ghana, sedi, iliyoanza mwaka 1965, nayo imebeba jina la kauri kwa lugha ya Waakan. Kwa hiyo kauri hazikuondoka mifukoni, zimebadili sura. Thamani ya zile zako sokoni leo, hata hivyo, ni ndogo mno. Msigombane.

Ganda bapa linalong'aa ndani ni chaza. Ukoko mweupe mkavu ndani yake unanifanya nikisie kitu, na ukisio huu naupenda: tambuu. Bibi zetu waliotafuna tambuu walihitaji chokaa kidogo, iliyochomwa kwa matumbawe au makombe, na walihitaji mahali pa kuitia. Ganda la chaza lina kina cha kutosha kidole kimoja. Kama kasha lina pia kikatio cha popoo, kile kama mkasi mzito, basi jambo limekwisha. Tazama mzaha uliopo: ganda la chokaa linabeba chokaa iliyotoka kwenye maganda mengine yaliyochomwa.

Mwanao wa mwisho usimkatize furaha yake, lakini akikua mwambie. Haisikii bahari. Watu wengi wanadhani ni damu inayopita sikioni, nayo si kweli, kwani ukikimbia mpaka moyo udunde, sauti ile haizidi. Kinachotokea ni kwamba chumba chochote, hata kilicho kimya, kina vurugu ndogo za sauti: upepo dirishani, gari la mbali, friji ya jirani. Kombe ni pango. Hewa iliyomo ndani hupokea sauti hizo zote na kuzipa nguvu zile zinazolingana na ukubwa wa pango, zilizobaki zikafifia. Kinachotoka ni uvumi mmoja mpana unaofanana na wimbi. Kwenye chumba kisichopitisha sauti kabisa, kombe huwa bubu. Ukitaka kumthibitishia, mpe kikombe kitupu cha chai akiweke sikioni. Atasikia bahari ile ile, ndogo kidogo. Kombe dogo, bahari ndogo.

Nimefika kwa binti yako, na hapa ndipo nina la kusema kwa kirefu.

Mwalimu wake hakukosea kwamba kombe linaweza kuwa ukiwa. Ni nyumba isiyo na mwenyewe. Washairi wa pwani wana jicho kali kwa nyumba za namna hiyo: katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatupitisha kwenye majumba ya Pate yaliyoporomoka, na madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za fahari sasa yanalaliwa na makinda ya ndege. Mfano ni wa chombo na nyumba, si wa kombe, lakini ni fikra ile ile: kilichobaki ni ganda. Kosa linakuja pale mwanafunzi anapotoka na jibu moja mfukoni na kulipachika kwenye kila shairi.

Mwana Kupona, akimtungia binti yake utendi mwaka 1858, anamwahidi kidani cha lulu na marijani. Lulu hutoka ndani ya chaza, lakini pale hakuna ukiwa hata chembe. Kuna mama mgonjwa anayejua atakufa, akiyageuza maneno yake kuwa kitu kinachoweza kuvaliwa. Katika Qur'ani, Sura ar-Rahman, lulu na marijani zinatajwa miongoni mwa neema zinazotoka baharini. Katika Injili ya Mathayo kuna mfanyabiashara anayeuza vyote alivyo navyo apate lulu moja. Hapo ganda ni sitara, linaficha cha thamani. Hata hadithi ya kale kwamba chaza hupanda juu usiku, akafungua kinywa na kumeza tone la mvua likawa lulu, ni hadithi ya subira na siri. Wataalamu wa viumbe wana maelezo mengine: mara nyingi ni mdudu au jeraha ndani ya nyama ya chaza, naye analizungushia tabaka za ule ule mng'ao wa ndani ya ganda hadi lisimuumize. Watu hupenda kusema ni punje ya mchanga, lakini mchanga chaza anautema kila siku. Kwa maoni yangu maelezo haya ya sayansi yana ushairi kuliko tone la mvua, lakini hilo ni langu.

Tukitoka nje ya kwetu: Mmarekani Oliver Wendell Holmes, mwaka 1858 huo huo, aliandika shairi kuhusu ganda la nautilasi, jamaa ya pweza anayejenga chumba kipya kikubwa zaidi kila anapokua na kukifunga cha nyuma. Ganda lile lile tupu, lakini yeye aliona kukua. Katika riwaya ya Mwingereza William Golding ya mwaka 1954, watoto waliokwama kisiwani wanakubaliana kwamba anayeshika kombe ndiye mwenye haki ya kusema. Linapopasuliwa, na sheria yao imepasuka. Huko ni mamlaka. Kwa Wahindu kombe la kupuliza liko mkononi mwa Vishnu, na wakazi wa karibu na mahekalu yao Mombasa au Dar es Salaam huenda wamelisikia likilia. Na kwa watoto wetu, nyumba isiyo na mlango ni kitendawili tu, na jibu ni yai.

Mwambie binti hivi: kwenye mtihani asiandike "kombe ni ishara ya ukiwa" halafu akaweka nukta. Arudi kwenye mstari aone mshairi amelifanyia nini lile kombe. Kaliweka sikioni? Basi shairi linazungumzia kusikia, pengine kumbukumbu. Kalikanyaga likavunjika? Kalifungua kwa kisu? Kalihesabu? Kalipa mtoto? Kitenzi ndicho kinachobeba ishara, na mtahini mwenye akili atampa alama kwa kukitaja kitenzi hicho. Kwa kweli ni ile kazi ile ile tuliyoifanya na dondo la bibi.

Kuhusu ile koni yake, hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Kwa bahati inanuka, maana yake mnyama amekufa. Koni wenye michoro ya wavu au ya hema ni wawindaji. Wana jino kama sindano linalorushwa na kuchoma, na linaweza kufika upande wowote wa ganda, hivyo hakuna "sehemu salama" ya kumshika. Wapo wa jamii hii katika bahari yetu, na mmoja wao, koni wa jiografia, ameua watu. Wala maumivu si kipimo, kwani mchomo wa hatari unaweza kuanza kwa ganzi ndogo tu. Mtu akichomwa, asitembee. Funga kiungo chote kwa bendeji iliyokazwa kiasi, kisitikisike, mpelekeni hospitali hapo hapo, na mwambieni daktari ni koni. Hakuna dawa ya kuitangua sumu hiyo. Kinachookoa ni kumsaidia apumue mpaka iishe mwilini. Msikate wala kunyonya jeraha. Sumu hiyo hiyo, ya koni mwingine, imezaa dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, lakini hilo halimsaidii mtoto aliye ufukweni. Koni mzuri ni aliye mtupu.

Ili harufu iishe, azike ganda hilo uani, sisimizi wafanye kazi yao kwa wiki kadhaa. Na ajue ameokota kitu chenye ukoo mrefu. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia walipata shanga iliyotengenezwa kwa ganda la koni, na ina zaidi ya miaka 60,000. Sehemu ya juu ya koni ikikatwa hutoa kisahani cheupe ambacho bara kilikuwa pambo la machifu. Mwaka 1854, Zambezi ya juu, Livingstone aliandika kwamba visahani viwili vilitosha kununua mtumwa, na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu.

Kaka yako asilitie dondo kwenye begi kimya kimya. Kutoa makombe nje ya nchi kunahitaji kibali, hivyo apite ofisi ya Idara ya Uvuvi kabla ya safari, na aulize pia masharti ya forodha ya anakokwenda. Na kama katika kasha hilo kuna kitana, bangili au kikuku cha rangi ya asali chenye mawingu ya kahawia, hicho huenda ni gamba la kasa ng'amba. Hicho kisivuke mpaka kabisa. Biashara ya kimataifa ya kasa imepigwa marufuku, na maelezo kwamba ni cha marehemu bibi hayatamsaidia uwanja wa ndege. Mimi ningemshauri dondo libaki, apelekewe picha. Mkitaka mtu wa kuviangalia ana kwa ana, pelekeni kwenye makumbusho ya pwani, na kabla ya hapo kwa mshona kofia mzee yeyote wa Pangani. Huyo wa pili atawaambia zaidi.

Nimebakiza ule mfuko. Kauri ndogo, nzima, hazikukatwa, hazikutungwa, zimewekwa pamoja kwenye kitambaa. Kauri za namna hiyo pwani tumeziita kete, na kete ndizo za kuchezea. Leo tunasema mwanasiasa ametupa kete yake ya mwisho na hatukumbuki kwamba ilikuwa ganda la konokono. Siku hizi bao linachezwa kwa komwe, zile mbegu za kijivu, lakini si kila nyumba. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Zenu ni 61.

Kwa hiyo binti akikuuliza tena kama bibi alikuwa mpweke, usimjibu kutoka kwenye ushairi. Rudini Pangani mkaangalie chini ya kitanda na kwenye nyufa za baraza kama zile tatu zipo. Mtafute ubao mzito wenye safu nne za mashimo. Chungulia hata bandani, nimewahi kukuta mmoja ukinyweshewa kuku. Halafu muulizeni jirani wa siku nyingi ni nani alikuwa akija jioni kucheza, na kati yao wawili nani alikuwa akifungwa.